Mbwa wa Kuwinda na Fereti: Mazoea Yanayoanzia Puani

Fereti dume aliyekomaa hufika kilo moja na nusu, pengine mbili kwa shida. Jike ni mdogo zaidi, na akijikunja anaweza kulala ndani ya kofia ya mtu mzima. Mbwa wa kuwinda naye amechaguliwa na binadamu, kizazi baada ya kizazi, kwa kazi ya kukifukuza kitu kidogo chenye manyoya kinapotimka na kukikamata kabla hakijapotea. Asiyewajua wanyama hawa akiwaona pamoja atasema mmoja ni mwindaji na mwingine ni kitoweo. Lakini Uingereza, majira ya baridi yanapoingia, mbwa na fereti hutoka nyumba moja, hupanda gari moja, na hufanya kazi moja mpaka jioni. Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanahusu namna wawili hawa wanavyozoeshwa, na adui mmoja asiyeonekana kwa macho ambaye anaweza kuwamaliza wote wawili, adui ambaye hata simba wa Serengeti wanamjua.

Fereti hayupo katika pori la Afrika Mashariki, ila jamaa zake wapo. Ni wa ukoo mmoja na kicheche, nyegere na fisi maji. Nguchiro, ingawa mwili wake mrefu na miguu yake mifupi inaweza kumchanganya mtu, ni wa ukoo mwingine. Fereti ni mnyama wa kufugwa aliyetokana na kicheche wa Ulaya, na amekaa na binadamu kwa zaidi ya miaka 2000. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki aliyeishi zama za Kaisari Augusto, aliandika kuhusu watu wa Iberia walivyowatumia wanyama wadogo walioletwa kutoka Libya, ambao wataalamu wengi wanawatambua kuwa fereti. Walifungwa mdomo, wakatiwa mashimoni, nao wakawaburuta sungura nje kwa kucha au wakawafukuza hadi juu, ambako watu walikuwa wakisubiri.

Kazi hiyo haikuanzia kwetu kwa sababu ya tabia ya sungura. Sungura wa mwituni anayejulikana sana Afrika Mashariki hachimbi shimo. Analala juu ya ardhi, majanini, na usalama wake ni mbio. Sungura wa Ulaya huchimba. Ukoo wake huishi chini ya ardhi katika mtandao wa njia zenye milango mingi, na mkulima ambaye shamba lake la ngano limepakana na mji kama huo huona mazao yake yakiliwa kuanzia pembeni, usiku hadi usiku. Tangu mwaka 1880 sheria ya Uingereza ilimpa mkulima mpangaji haki ya kuwaua sungura katika ardhi anayoilima. Sheria ya mwaka 2004 iliyopiga marufuku aina nyingi za uwindaji wa mbwa huko England na Wales iliwaacha nje sungura na panya, mradi mwenye ardhi ameridhia.

Siku ya kazi huanza na pua ya mbwa. Anatembea taratibu kando ya ukingo, ananusa mlango huu, anaupita, ananusa wa pili, kisha anasimama. Masikio yanaelekea mbele, mwili unakauka, mguu mmoja unaweza kubaki hewani. Mbwa aliyefunzwa vizuri hufanya hivyo pale tu sungura wapo ndani, na mwindaji humwamini kuliko macho yake mwenyewe. Kisha nyavu ndogo zilizoshonwa mfano wa mfuko hutandazwa juu ya kila mlango unaoonekana. Fereti huvishwa mkanda wa shingoni wenye kifaa kidogo cha kurusha mawimbi, ili akikwama chini mtu ajue achimbe wapi na kina gani. Anatiwa shimoni. Hapo kila mtu hunyamaza.

Sungura hutoka kwa kishindo. Wengi hunaswa, lakini huwa kuna mlango uliofichwa na miiba ambao hakuna aliyeuona, na anayetokea hapo ni wa mbwa.

Baada ya sungura, hutoka fereti mwenyewe. Jaribio lote liko hapa. Pua inachungulia gizani, kisha mgongo mrefu unajitokeza, kucha zimeshika manyoya ya sungura, mwili mzima unanuka sungura. Umetokea mlango uleule ambao muda mfupi uliopita ulitoa windo. Mbwa amesimama hatua mbili tu, damu imemchemka, na nafasi aliyonayo ya kuamua haifiki sekunde moja. Mbwa asiyezoeshwa atauma, na fereti aliyeumwa mgongoni na mbwa wa kilo ishirini haponi. Wawindaji wengi hupenda fereti weupe kwa sababu hiyo: mtu na mbwa wake humtambua mara moja dhidi ya udongo na majani makavu. Rangi husaidia. Kinachomwokoa hasa ni mafunzo yaliyofanyika nyumbani miezi mingi kabla ya siku hiyo.

Jambo la kwanza katika mafunzo hayo ni umri. Wanasayansi wa Marekani John Paul Scott na John Fuller, waliowachunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor katika jimbo la Maine, walichapisha mwaka 1965 kitabu ambacho bado kinategemewa. Walionyesha kwamba kati ya wiki ya tatu na takribani wiki ya kumi na mbili ya maisha yake, mtoto wa mbwa hujifunza nani ni wa kwao. Anaowazoea wakati huo, wawe watu, paka au kondoo, huwachukulia kama sehemu ya maisha ya kawaida. Dirisha hilo likishafungwa, kujifunza kunawezekana bado, lakini kwa jasho.

Ushahidi wake upo hapa hapa Afrika. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki wa kulinda mbuzi dhidi ya duma. Mbwa hao hulelewa na mifugo tangu wadogo, na wakikua hulala zizini na kutembea na kundi bila kumgusa mbuzi. Ni kweli mbwa wale walichaguliwa kwa vizazi wasiwe wakali kwa mifugo, na mbwa wa kuwinda alichaguliwa kwa kinyume chake. Lakini kanuni ya umri ni ileile. Mwindaji anayefuga fereti na anayetaka mbwa mpya atafanya vyema kumchukua mtoto wa wiki nane na kumleta nyumba ambayo fereti tayari wapo.

Mtoto huyo hatupwi tu kwenye kibanda cha fereti ili wajuane. Kosa hilo limegharimu macho ya watoto wa mbwa na uhai wa fereti. Kwanza hupewa harufu. Kitambaa alicholalia fereti huwekwa karibu na anapolala mbwa, na kitambaa cha mbwa huwekwa kwenye kibanda cha fereti. Wote wawili huisoma dunia kwa pua. Fereti haoni mbali, na kwa kiasi kikubwa mambo yake huamuliwa na harufu. Ana pia miski kali inayotoka kwenye tezi zilizo chini ya mkia, ambayo mbwa mgeni huishangaa. Siku chache za kubadilishana vitambaa huondoa mshangao huo bila mtu yeyote kuumwa.

Kisha huja kuonana kupitia waya. Fereti yuko ndani ya kibanda imara, ameshiba na yuko macho. Mbwa yuko kwenye kamba, ameshakimbizwa nje akatoa nguvu za ziada, na anasimamishwa umbali ambao anaweza kumwona fereti huku bado akisikia jina lake likiitwa. Asiposikia, yuko karibu mno. Mwenye mbwa sasa anamtazama mbwa wake, wala si fereti. Mdomo uliofumbwa ghafla, macho yasiyopepesa, mwili uliokazwa, mtetemo wa paja, sauti nyembamba ya kulia kooni: hizo ni dalili za uwindaji, na watu wengi wasiojua huzidhania kuwa hamu ya kucheza. Mara tu mbwa anapogeuza uso kutoka kwa fereti na kumtazama mtu wake, anasifiwa na kupewa kipande cha nyama. Siku hadi siku anafundishwa kwamba kumwacha fereti kuna faida.

Raymond Coppinger, mtaalamu wa Marekani aliyeandika sana kuhusu tabia za mbwa, alieleza uwindaji wa mbwa kuwa mlolongo: kutazama, kunyemelea, kukimbiza, kushika, kuua. Hatua hizi hufuatana kama mawe yanayoporomoka mlimani. La kwanza unaweza kulizuia kwa mkono, la mwisho huliwezi. Kwa hiyo mafunzo yote ya maana hufanyika kwenye kutazama. Anayesubiri mpaka mbwa aanze kukimbiza ndipo apige kelele amechelewa, na anayempiga mbwa wakati huo anaharibu zaidi. Mbwa anayepata kipigo kila fereti anapotokea hajifunzi kumheshimu. Anajifunza kwamba mnyama yule huja na maumivu, na siku bwana wake asipokuwepo anaweza kulipiza.

Fereti naye ana la kujifunza, ingawa watu humsahau. Watoto wake huzaliwa baada ya mimba ya siku 42 hivi, wakiwa vipofu, na macho hufunguka wakiwa na takribani mwezi mmoja. Walioshikwa kwa mkono tangu hapo, wakasikia mbwa akibweka na kunywa maji karibu yao, hawana hofu. Asiyezoea hufoka, mkia unasimama manyoya, anatoa miski, na akibanwa anauma na haachii. Mtoto wa mbwa aliyeng'atwa pua mara moja kwa kawaida hutulia, na wawindaji wengi wa zamani waliliona hilo kuwa somo la kutosha. Busara zaidi ni kutoliacha litokee. Mbwa mmoja hujifunza heshima kwa kung'atwa. Mwingine hujibu kwa meno.

Kuna tabia moja ya fereti inayowapotosha mbwa. Akifurahi hurukaruka ubavu ubavu, mgongo ameukunja, mdomo wazi, huku akitoa sauti ya kucheka chini kwa chini. Kwa fereti mwenzake huo ni mwaliko wa mchezo. Kwa mbwa ni kitu kidogo kinachotapatapa, na kitu kinachotapatapa ndicho alichozaliwa kukifukuza. Mbwa anayeweza kulala chini na kuitazama ngoma hiyo bila kuinuka amefika mbali.

Baada ya hapo ndipo waya unapoondolewa, na watu wawili huwepo. Mmoja anakaa na mbwa aliyelala chini akiwa kwenye kamba; mwingine anamwachia fereti atembee atakavyo. Fereti atapita chini ya shingo, atanusa masikio, atajaribu kujipenyeza kwapani mwa mbwa. Dakika chache zinatosha. Wakimaliza wote wametulia, kesho hurudia. Chakula hakiwekwi kabisa wakati huo, maana fereti ni hodari wa kuiba na kuficha, na mbwa mpole kuliko wote anaweza kuuma akiona pua ngeni kwenye bakuli lake.

Nyumbani kukishatulia, kazi huhamia nje bila sungura. Bomba pana la plastiki likilazwa bustanini linatosha: fereti anaingia huku, anatokea kule, na mbwa anaagizwa asubiri mlangoni. Anatokea mara ya kwanza, mbwa anasifiwa. Anatokea mara ya kumi, mbwa hata hajali. Hiyo hali ya kutojali ndiyo inayotafutwa, na wale wanaoiharakisha hulipa shimoni. Hata shimo halisi la kwanza linafaa kuendewa mbwa akiwa kwenye kamba.

Si kila mbwa atafika huko. Wale wanaoitwa lacha, machotara wa mbwa wa mbio na mbwa wa kuchunga au teria, wanasifika kwa kazi hii kwa sababu wana kasi na bado humsikiliza mtu. Wipeti, mbwa wadogo wa mbio, nao hufanya vizuri. Teria ni mtihani mgumu zaidi. Alizalishwa aue panya na kufuata wanyama mashimoni, na mnyama mwembamba anayetoka shimoni ni karibu kabisa na kile anachokitafuta. Wapo teria wengi wanaofanya kazi na fereti bila tatizo, lakini wengi wao walianza wakiwa wadogo sana. Mbwa mtu mzima ambaye ameshaua paka au fereti aachwe. Waya ubaki kati yao maisha yote, na hakuna aibu katika hilo. Na hata mbwa aliyefanya kazi miaka mitano bila kosa asiachwe chumba kimoja na fereti bila mtu. Tena, mazoea yake ni kwa fereti anaowajua. Mgeni kutoka kwa jirani aanze naye upya kutoka kwenye kitambaa.

Lakini yote yaliyosemwa mpaka hapa hayana maana iwapo mbwa hajachanjwa.

Ugonjwa wenyewe unaitwa distempa. Kirusi chake ni jamaa wa kirusi cha surua ya watoto, na cha sotoka ya ng'ombe iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Mbwa huanza kwa homa, macho na pua kutoa uchafu, kukohoa, kuhara. Baadaye anaweza kupata kifafa, na nyayo zake zinaweza kuwa ngumu. Mbwa wengine hupona. Fereti akiambukizwa hufa, karibu bila kubakisha hata mmoja. Mbwa anayepiga chafya karibu na waya, kabla hajamgusa fereti kwa jino wala ukucha, anaweza kuwa amemaliza kibanda kizima.

Udhaifu huo wa fereti ndio uliofungua njia ya kuushinda ugonjwa. Mwaka 1923 jarida la The Field, linalosomwa na wawindaji na watu wa mashambani Uingereza, lilianzisha mfuko wa kuchangia utafiti wa distempa, iliyokuwa ikiteketeza mbwa wa kuwinda. Katika maabara ya Mill Hill, kaskazini mwa London, Patrick Laidlaw na mwenzake Dunkin waligundua kwamba fereti huupata ugonjwa huo kwa uhakika, wakachapisha matokeo yao mwaka 1926, na kazi yao ikazaa chanjo. Mwaka 1933 fereti waliwasaidia Laidlaw, Wilson Smith na Christopher Andrewes kukipata kwa mara ya kwanza kirusi cha homa ya mafua ya binadamu. Mwenye mafua makali, basi, asiwabebe fereti wake; atawaambukiza.

Huko Marekani kuna fereti wa mwituni mwenye miguu myeusi, ndugu wa huyu wa kufugwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu walikamata sita kutoka South Dakota wakawachanja distempa kwa chanjo hai iliyokwisha kuonekana salama kwa fereti wa kufugwa. Wanne walikufa kwa chanjo yenyewe. Baadaye watu wakaamini aina hiyo imetoweka. Tarehe 26 Septemba 1981, karibu na mji wa Meeteetse katika jimbo la Wyoming, mbwa wa shamba aitwaye Shep alileta nyumbani mzoga wa mnyama asiyejulikana. Alikuwa fereti mwenye miguu myeusi, na kumbe kundi zima lilikuwa likiishi jirani. Miaka minne baadaye distempa iliingia katika kundi hilo, tauni nayo ikiwa imeshawaua panya-nyika wanaoliwa na fereti hao. Kufikia mwaka 1987 waliobaki walikuwa 18, wote wamekamatwa na kuwekwa kizuizini ili wazalishwe. Karibu wote wanaoishi leo wanatokana na saba miongoni mwao.

Na Serengeti? Mwaka 1994 simba walionekana wakitetemeka na kuanguka kwa kifafa. Uchunguzi ulionyesha ni distempa. Takribani simba 1,000 walikufa, yaani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na ugonjwa ukavuka hadi Maasai Mara. Fisi na chui waliguswa pia. Watafiti waliuhusisha mlipuko huo na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, mbwa wa kawaida wanaolinda nyumba na mifugo, na ndiyo maana mbwa wa vijiji hivyo wamekuwa wakichanjwa.

Msikilizaji mwenye mbwa, awe anaishi Mugumu, Narok au Yorkshire, aelewe kwamba sindano ya kichaa cha mbwa haizuii distempa. Hizo ni chanjo mbili tofauti. Mtoto wa mbwa huanza kupewa ya distempa akiwa na umri wa wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka afikishe takribani wiki kumi na sita. Mwenye fereti amuulize daktari wa mifugo chanjo ipi inafaa kwa fereti, kwa kuwa si kila chanjo ya mbwa ni salama kwake. Fika kwa daktari kwanza, kamilisha chanjo, kisha ndipo uanze na kile kitambaa.